Bi Ulimi na kinywaji cha maganda

Asubuhi, kabla mlango mkubwa haujafunguliwa, mwanamke mmoja anainamia glasi ndogo kama mtu anayemnong'oneza mtoto. Ananusa kwa tundu la kulia la pua, kisha la kushoto. Anavuta funda dogo, analizungusha mdomoni, anafumba macho, halafu anatema kwenye ndoo iliyo miguuni pake.

"Bado kina gubu," anasema, akijifuta midomo kwa ncha ya aproni. "Kikipata hewa kidogo kitaacha kununa."

Hivyo ndivyo anavyozungumzia vinywaji. Kwake hakuna kinywaji kikali wala laini. Kuna chenye gubu, chenye maringo, kinachobisha hodi kabla ya kuingia na kinachoingia na viatu vyenye matope. Ukimuuliza kama hayo ni maneno ya kitaalamu, anakutazama kama umeuliza kama maji yana maji.

Kazi yake ni kuonja. Kiwanda ni kidogo, kimo ndani ya jengo lililokuwa karakana ya magari, na madoa ya oili bado yapo sakafuni. Katikati kimesimama chungu cha shaba kirefu kumzidi mtu, chenye shingo iliyopinda. Ukutani yamepangwa mapipa ya mbao, na harufu ya nanasi lililoiva imeingia mpaka kwenye saruji.

Wenzake wanamwita Bi Ulimi. Jina hilo lina pande mbili, na pande zote mbili ni za kweli. Ulimi wake ndio unaomlipia kodi ya vyumba viwili na ada ya binti aliye sekondari. Ulimi huohuo haujui kupumzika. Anaongea akiosha glasi, anaongea na mapipa, na mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, anasema huongea hata akipiga mswaki.

Leo ameombwa atumie upande mmoja wa jina lake na aufunge ule mwingine. Kwa sauti ya chini anakiri kwamba hajawahi kupewa kazi ngumu kama hiyo.

Leo ni siku ya wageni. Mara moja kwa mwaka kiwanda hufungua milango, watu wa mtaani na wenye maduka wakaja kuonja. Kwenye meza ndefu kutakuwa na vinywaji vitano: divai ya rosela, divai ya nanasi, pombe kali ya tangawizi, pombe kali ya miwa, na kimoja ambacho hakijawahi kutoka ndani ya jengo hili. Hicho cha tano ni cha kwake. Amekibuni mwenyewe, na ndicho kilichomtoa kitandani leo kabla ya kengele ya simu.

Anacheka. "Nimejifungua watoto wawili, sikuogopa hivi."

Mwenye kiwanda ni mwalimu mstaafu wa kemia. Bado anavaa koti jeupe la maabara, na akiuliza swali bado anasubiri mtu anyooshe mkono. Wote humwita Mwalimu, na sheria ya leo ameiweka yeye.

"Chungu ni kimoja," anaeleza, akiinua kidole. "Nafasi kwenye rafu ni nne. Kikiingia cha tano, kimoja lazima kitoke. Mimi sina upendeleo. Wageni ndio waamuzi."

Kila mgeni atapewa konzi ya maharage, ayagawe atakavyo katika mabakuli matano yaliyowekwa mbele ya vinywaji. Mwishoni bakuli moja moja litapimwa kwenye mizani ya jikoni. Lililo jepesi kuliko yote, kinywaji chake kinaondoka. Kikiwa ni kile cha Bi Ulimi, pipa lake litarudishwa kwenye chungu, lichemshwe upya, na kubaki kileo kisicho na jina cha kulowekea tangawizi.

"Ni kama kuona mwanao amefika chuo, halafu wanamrudisha chekechea," anasema Bi Ulimi.

Kuhusu upendeleo, Mwalimu anasema nusu ya ukweli. Pombe ya miwa ndiyo aliyoanza nayo alipostaafu, na huwa anaipangusa vumbi chupa yake mwenyewe, kwa kitambaa chake mwenyewe. Wafanyakazi wanalijua hilo na wanamtania akiwa hayupo.

Kilichomo ndani ya pipa la Bi Ulimi ni maganda ya nanasi.

Divai ya nanasi hutumia nyama ya tunda. Kwa miaka mingi maganda na mioyo migumu ya katikati yalikuwa yanapelekwa kwa ng'ombe wa jirani. "Ng'ombe wale walikuwa wanakula vizuri kuliko sisi," anasema. "Kila nikiona toroli linatoka, roho inaniuma."

Akaomba apewe toroli moja tu. Aliyaosha maganda, akayakatakata, akayaloweka na molasi, yale masazo meusi ya sukari, pamoja na chachu, akafunika. Mara ya kwanza yaligeuka siki. Mara ya pili yalinuka soksi. Mwalimu akamwambia kwamba ya tatu ikiharibika, atarudi alikotoka, kwenye kuosha chupa.

Ya tatu haikuharibika. Ilipochemshwa kwenye chungu cha shaba, aliketi chini ya bomba akipokea matone. Katika kazi hii yanayotoka kwanza huitwa kichwa: yananuka gundi, yana madhara, na humwagwa. Yanayotoka mwisho huitwa mkia: mazito, yenye harufu ya kitambaa kibichi. Kinachotakiwa kiko katikati, nacho huitwa moyo.

"Watu wanafikiri kuonja ni kunywa," anasema. "Kuonja ni kujua kichwa kimeishia wapi na moyo umeanzia wapi. Mashine inakupa namba. Lakini ule mpaka wenyewe, pale pale, unausikia kwenye ulimi. Unajua kama unavyojua mtu ameingia chumbani hata hujageuka."

Kazi hii hakuisomea. Alikuwa anaosha chupa siku mwonjaji wa zamani alipookoka na kuacha kazi. Mwalimu aliuliza nani anaweza, akasubiri mikono. Bi Ulimi akanyoosha wake.

"Sikuwa naweza lolote," anasema bila haya. "Nilisema naweza, nikajua nitajifunza njiani." Mwalimu alimfunga kitambaa machoni siku baada ya siku, akimnusisha karafuu, ngozi ya kiatu, gazeti lililolowa, ndimu iliyolala. Akikosea, anarudia. Alikosea sana.

Tangu hapo maisha yamebadilika kwa namna ambazo hakuzitazamia. Hapaki manukato. Hali pilipili wala kitunguu saumu siku za kazi. Wifi yake, msusi hodari, amegombana naye mara nyingi kwa sababu hataki mafuta ya nywele yenye harufu, hata siku ya harusi. Na kwa kuwa kila anachoonja anakitema, hajawahi kulewa hata siku moja. Mumewe hupenda kuwaambia wateja wake kwamba ameoa mlevi asiyelewa.

Na kwa nini maganda? Hapa anageuka kuangalia mlangoni, kisha anashusha sauti.

Mama yake alikuwa muuza mananasi ya vipande barabarani. Vipande vilikuwa vya wateja. Maganda yalirudi nyumbani ndani ya beseni, na watoto waliyakwangua kwa meno mpaka yakabaki meupe.

"Utamu wote uko hapo, kwenye mpaka wa nyama na ganda," anasema. "Mteja hajawahi kuujua. Amekula katikati tu." Kisha anashika mkono wa mwandishi wa habari hii. "Lakini hiyo usiiandike. Mama alitukataza kabisa. Ya chumbani yaishie chumbani. Hakutaka mtu ajue watoto wake walikula maganda."

Mambo hayo yameandikwa hapa kwa ruhusa iliyopatikana baadaye siku hiyohiyo. Namna ilivyopatikana ndiyo habari yenyewe.

Kwa sababu ya katazo hilo la mama, na kwa sababu ya biashara, Bi Ulimi na Mwalimu wamekubaliana jambo. Mgeni akiuliza kinywaji cha tano kimetengenezwa na nini, jibu ni moja: nanasi maalumu. Basi. Neno maganda lisitamkwe mpaka maharage yapimwe.

"Nimemwapisha," anasema Mwalimu.

"Nimeapa," anasema Bi Ulimi, na mfanyakazi mmoja nyuma ya mapipa anaguna.

Mchana wageni wanajaa. Yupo mwenye duka la vinywaji la mtaa wa pili, amevaa shati lililonyooshwa likanyooka. Yupo muuguzi aliyetoka zamu, viatu vyeupe bado miguuni. Wapo mafundi cherehani, walimu, mke na mume waliokuja kwa pikipiki moja na kofia mbili. Sauti zinapanda, viti havitoshi, na mtu anakaa juu ya pipa mpaka Mwalimu anamnyanyua kwa macho tu.

Wa mwisho kuingia ni mama mtu mzima, ameshikwa mkono na wifi msusi. Ni mama yake Bi Ulimi. Hajawahi kukanyaga hapa. Hagusi kileo, na kwa miaka yote amekuwa akiwaambia majirani kwamba binti yake anafanya kazi kwenye juisi. Anakaa karibu na mlango, mkoba magotini, kama abiria anayeogopa kupitishwa kituo.

"Shikamoo Mama," Bi Ulimi anasema kutoka ng'ambo ya meza.

"Marahaba. Fanya kazi," anajibu mama.

Kazi inaanza, na hapa lazima isemwe wazi: kumwona Bi Ulimi mbele ya watu ni raha. Anawafundisha kunusa wakiwa wameacha midomo wazi kidogo. Anawaambia funda la kwanza ni la kuamkia, la pili ndilo la kuzungumza. "Msikimbilie kumeza. Hakuna anayewafukuza."

Anaanza na rosela. "Huyu ni wifi wa kweli. Hajawahi kuja mikono mitupu." Watu wanacheka, wanaonja, wanacheka tena. Divai ya nanasi anaiita kifungua mimba, aliyezoea kupendwa. Tangawizi inapopita, mafundi cherehani wanakohoa kwa pamoja. "Huyo ni shangazi," anawatuliza. "Anakugombeza kwanza, halafu anakupa nauli." Ya miwa anaisifu kwa heshima, mzee wa maneno machache, na Mwalimu ananyoosha kola ya koti lake.

Maharage yanalia kwenye mabakuli. Muuguzi anagawa yake moja moja kama dawa.

Kisha cha tano. Bi Ulimi anamimina mwenyewe. Kimiminika ni cha rangi ya asali nyepesi. Watu wanasubiri utani, lakini yeye amebana midomo.

"Huyu," anasema, "mnywe tu."

Mwenye duka anaonja, anatafuna kama kuna kitu mdomoni, anaonja tena. Nyusi zinapanda.

"Hiki ni nini?" anauliza. "Kinanukia kama nanasi linapokatwa, pale kisu kinapoingia. Halafu nyuma kuna sukari iliyoungua. Dada, kimetengenezwa na nini?"

Mwalimu anamtazama Bi Ulimi. Jibu lipo, fupi, limeapiwa. Bi Ulimi anafungua kinywa kulitoa. Lakini kasifiwa, na ulimi hauna mfupa.

"Maganda," anasema.

Ukishachanika mfuko, mchele hauulizi njia. "Maganda ya nanasi, yale ya kutupa. Kwetu hatukuyatupa. Mama alikuwa anauza vipande, sisi tunakwangua maganda kwa meno, na utamu wote ulikuwa hapo, ninyi mmekula katikati tu."

Anasikia alichosema baada ya wengine wote kukisikia. Mwalimu amevua miwani na kufumba macho. Mlangoni, mama ameinamisha uso, anaangalia kifungo cha mkoba wake.

Mwenye duka anaiweka glasi mezani polepole. "Yaani nimenyoosha shati zima nije kunywa takataka?"

Kicheko kinalipuka. Si kicheko kibaya sana, ila glasi zinaanza kusukumwa mbele. Fundi cherehani mmoja, aliyekuwa ameshika maharage yake yote juu ya bakuli la tano, anayahamishia la rosela.

Hapo wengi wangetafuta pa kujificha. Bi Ulimi anatoka mbio kwenda nyuma ya chungu, na kwa muda mfupi kila mtu anadhani ameenda kulia. Anarudi na ndoo. Imejaa maganda ya mananasi yaliyomenywa asubuhi.

"Shika moja," anamwambia muuguzi. "Fumba macho. Nusa upande wa ndani. Haya, nusa glasi."

Muuguzi anatii, kama mtu anayejua mgonjwa mkaidi anavyosumbua. Ananusa ganda, ananusa glasi, anarudi kwenye ganda. Anafumbua macho.

"Ni lenyewe," anasema. "Jamani, ni lenyewe kabisa."

Ndoo inaanza kusafiri. Mke anamziba mume macho kwa mikono, anamnusisha, wanabishana, wanabadilishana. Mafundi wananyang'anyana ganda moja ilhali ndoo imejaa. Mwenye duka anasitasita kwa ajili ya shati lake, halafu anaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Anakwangua ganda kwa meno mbele za watu. Anakunywa. Ananyoosha glasi tupu.

"Mniongeze," anasema.

Ndoo inafika mlangoni. Mama anatazama ndani kwa muda. Kisha anachukua ganda moja, analigeuza, anapitisha ukucha upande wa ndani, kwa wepesi wa mtu aliyefanya hivyo maisha yake yote.

"Aliyemenya hili ana mkono mzito," anasema kwa sauti inayosikika mpaka kwenye mapipa. "Nyama yote kaiacha huku."

Chumba kinacheka upya, na mmenyaji anayetajwa anajificha nyuma ya mwenzake. Mama hacheki, lakini haliachi lile ganda. Bi Ulimi anamwangalia, anashindwa kujua kama amesamehewa, na wageni wanazidi kumnyooshea glasi.

Inafika zamu ya mizani. Mwalimu anaileta mwenyewe, anaisawazisha, anahakikisha sindano iko sifuri. Rosela inaongoza, kama kila mwaka. Inafuata tangawizi, kisha divai ya nanasi. Yamebaki mabakuli mawili, na wote wanajua ni yapi.

La miwa linapanda. Sindano inasogea, inasimama. Mwalimu anaweka alama ya kalamu kwenye kioo cha mizani. Bi Ulimi ameshika aproni kwa mikono miwili. La maganda linapanda. Sindano inatetemeka, inafika kwenye alama, inaipita. Si kwa mengi, lakini inaipita.

Kelele zinazofuata zinamtoa jirani wa ng'ombe nyumbani kwake. Bi Ulimi anarukaruka papo hapo, anamkumbatia muuguzi asiyemjua, anamkumbatia mwenye duka na shati lake. Mwalimu anapima mabakuli yote mawili mara ya pili, kisayansi, na jibu ni lilelile. Anaitoa chupa ya miwa kwenye rafu, anaipangusa kwa kitambaa chake.

"Umri wa kustaafu umefika," anaiambia. "Kama mimi." Kisha anampa Bi Ulimi mkono, na macho yake yamelowa kidogo, ingawa anasema ni mvuke.

Mwandishi anamuuliza Bi Ulimi ana mpango gani sasa, na ulimi umepona kabisa. Anataka kununua maganda kwa wauza vipande wote wa barabarani, ambao leo wanamlipa mzoa taka ili ayaondoe. Atawapa ndoo safi zenye vifuniko, atapita kwao kila jioni. "Mwanamke akimaliza kuuza nyama ya nanasi, bado ana kitu cha kuuza. Watoto wake wakwangue kwa kupenda, si kwa shida." Anataka mapipa zaidi. Anataka binti yake, akimaliza shule, asomee kemia, "ili mmoja wetu ajue tunachofanya."

Limebaki jina. Mwalimu amekwisha chukua kalamu na karatasi ya lebo, anaandika Nanasi Maalumu. Mwenye duka anamzuia.

"Hilo sitalikumbuka hata kesho," anasema. "Wateja wangu nitawaambia imekuja ile ya maganda. Andika hivyo, nichukue katoni za kwanza."

Watu wanapiga meza. Lakini Bi Ulimi anatikisa kichwa.

"Jina hilo si langu peke yangu," anasema, na anakwenda mlangoni.

Anapiga magoti mbele ya mama yake, sakafuni penye madoa ya oili. "Mama, nisamehe. Limenitoka."

"Limekutoka," mama anakubali. "Toka utoto wako yanakutoka." Anaangalia ganda mkononi mwake. "Mimi nilikuwa naona aibu. Nikiwaona mnakwangua, nageuza uso. Kumbe wewe ulikuwa unaonja."

Bi Ulimi anashika mikono ya mama yake.

"Wanataka waliandike kwenye chupa, Mama. Maganda. Ukikataa, basi."

Mama anainua uso. Anamtazama Mwalimu na kalamu yake, anamtazama mwenye duka, anarudi kwa binti yake.

"Andikeni," anasema. "Lakini liandikwe kubwa. Mtu akipita ng'ambo ya barabara alisome."